Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya majitaka: bakteria wakifa, ripoti inapendeza

Tabata, Dar es Salaam

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Maji, Waziri wa Afya na Waziri mwenye dhamana ya Mazingira. Na kwa wakurugenzi wa mamlaka za maji na usafi wa mazingira nchini.

YAH: METALI NZITO KATIKA MAJITAKA, NA BAKTERIA TUNAOWAFUGA BILA KUJUA

Waheshimiwa,

Wengi wenu mna umri wa wanangu, lakini cheo ni cheo: shikamooni.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, mstaafu. Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kupima majitaka. Nilichota, nikanusa (hatukuruhusiwa kunusa, ila pua huwahi kufika kuliko kipimo), nikachanganya, nikasubiri, nikaandika namba kwenye daftari. Mtaani wananiita Bibi Majitaka, na jina hilo sijalikataa. Nawaandikia kwa sababu ipo namba moja niliyoiandika zamani ambayo mpaka leo inaninyima raha.

Namba yenyewe ni 18.

Sampuli ilitoka kwenye bomba la kiwanda ambacho sitakitaja, na maabara niliyokuwa nikifanyia kazi nayo sitaitaja. Maji yalikuwa ya kijani kilichokolea, yanapendeza kama sharubati ya harusini. Tukayapima BOD. Kwa asiyejua: unatia sampuli kwenye chupa pamoja na maji safi yenye hewa na bakteria, unafunga, unaweka gizani siku 5 kwenye nyuzijoto 20, halafu unaangalia bakteria wametumia oksijeni kiasi gani. Uchafu ukiwa mwingi wanakula sana, wanapumua sana, oksijeni inakwisha. Ukiwa kidogo, oksijeni inabaki. Kipimo hiki tulikirithi kwa Waingereza na umri wake umeshapita miaka 100. Nakipenda, kwa sababu kinamwuliza mlaji mwenyewe kama chakula kipo. Kanuni zetu za mwaka 2007 zinataka maji yanayoachiwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita. Yale maji ya kijani yakatoa 18. Yamefaulu.

Bosi akafurahi. Na mimi nikafurahi, maana ilikuwa Ijumaa. Aliyegoma ni mkemia mmoja mzee, mtu wa maneno machache, sasa ni marehemu. Akaitazama chupa, akanitazama, akasema: "Binti, zimua tena."

Mara ya kwanza nilitia sehemu 1 ya sampuli katika sehemu 10. Safari hii nikatia sehemu 1 katika 100. Tukasubiri siku 5 nyingine. Hesabu ikatoka juu ya 300.

Maji ni yaleyale. Ila kwenye chupa ya kwanza bakteria walikuwa wamekufa, au wamelewa sumu kiasi cha kushindwa kula, na oksijeni ikabaki kwa kukosa wa kuipumua. Sisi tukausoma ukimya wa maiti tukauita usafi. Sumu ilipozimuliwa mara 100, bakteria wakapata nafuu, wakaanza kula, na uchafu ukajulikana. Ripoti ya 18 ilikuwa imeshapigwa muhuri na kwenda. Haikurudishwa.

Waheshimiwa, haya yote ninayowaandikia yanatoka katika chupa ile.

Sehemu kubwa ya kazi ya kusafisha majitaka katika nchi yetu haifanywi na mashine. Nendeni Vingunguti mkaone. Ni mabwawa tu, yamepangana. La kwanza ni la kina kirefu, halina hewa, na bakteria wasiotaka oksijeni ndio wanaolivunja lile zigo la awali. Linalofuata huota mwani juu. Mwani hutoa oksijeni mchana, bakteria huitumia kumalizia mlo. La mwisho ni la kina kifupi ili jua lipenye na kuua vimelea vya kuhara na vya homa ya matumbo. Hakuna umeme, hakuna dizeli. Hawa ni vibarua wasiodai posho wala likizo, na wanafanya zamu ya usiku bila kulalamika. Bwawa likiwa na afya lina kijani cha mwani. Likiumwa linageuka kijivu, au jeusi, au rangi ya zambarau, na mzoefu hulijua kwa macho kabla hajashusha ndoo.

Sasa katika bwawa hilohilo la vibarua hawa tunaingiza maji ya viwandani. Maboza ya kunyonya vyoo yanamwaga, hospitali zilizounganishwa zinamwaga, viwanda vinamwaga. Na katika maji ya viwandani mna risasi, kadimiamu, kromiamu, nikeli, pengine zebaki, na pia shaba na zinki ambazo kidogo ni lishe na zikizidi ni sumu.

Namna metali hizi zinavyomwua bakteria, mimi naifananisha na tapeli aliyevaa sare ya shirika la umeme. Kadimiamu inafanana na zinki, basi inapokewa kama zinki, inakaa kwenye kiti cha zinki ndani ya kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za mwili), na kimeng'enya kinasimama kazi. Kromiamu ya aina kali, ile ya sita, ina umbo la salfeti; mlango wa salfeti unaifungulia, na ikishaingia inabadilika na kuharibu DNA. Aseniki hupita mlango wa fosfeti. Zebaki haihitaji hata mlango wa kudanganya: inaing'ang'ania salfa iliyo ndani ya protini na haiachii.

Si bakteria wote huumia sawa. Wa kwanza kwenda ni wale wanaogeuza amonia, jamaa ya Nitrosomonas. Hao ni waoga wa shaba na metali nyingine, na ni wavivu wa kuzaliana. E. koli, bakteria wa matumboni, akishiba anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20. Hawa wanahitaji saa nyingi, pengine siku nzima. Mzigo mmoja wa sumu uliomwagwa usiku mmoja unaweza kuwafagia, na kurudi kwao kukachukua wiki kadhaa. Hili nawaambia hasa ninyi mnaotia saini mikataba ya mitambo mipya ya kisasa, ile ya tope hai yenye mapanga ya kupuliza hewa. Bwawa kubwa lina subira: maji yanakaa humo siku nyingi, sumu inapooza kwa kuchanganyika. Mtambo wa kisasa ni mdogo na una haraka, sumu inapita kwa saa chache huku ingali kali. Kuununua mtambo wa mabilioni bila kwanza kusimamia geti la kiwanda ni sawa na kumleta mpishi wa hoteli kubwa halafu kumwekea mafuta ya taa kwenye sufuria.

Kuna jambo ambalo wakaguzi wengi hawalipendi, kwa sababu linaharibu ripoti nzuri. Wale bakteria wa bwawa la kwanza, wasiotumia oksijeni, hutoa salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Salfaidi inazikamata metali, inazigandisha, zinazama chini kuwa tope jeusi. Kwa hiyo ukichota maji pale yanapotoka bwawa la mwisho, metali zinaweza kuonekana kidogo sana. Mnapongezana. Lakini metali hazikwenda popote, zimelala chini. Baada ya miaka kadhaa bwawa linajaa, tope linaondolewa, linaanikwa, linakauka likawa kama udongo mzuri mweusi, na siku zote yupo mtu mwenye bustani anayeliomba. Kinyesi huoza. Antibiotiki nyingi nazo huvunjika baada ya muda. Risasi haiozi. Iliyoingia mwaka ambao wajukuu wangu hawajazaliwa bado iko humo, na inafanya kazi.

Neno hilo, inafanya kazi, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maana bakteria wengine hawafi.

Bakteria aliyenusurika mara nyingi hakunusurika kwa bahati. Ana zana. Wengine wana pampu kwenye ukuta wao, metali ikiingia inatemwa nje. Wengine wanaigeuza: wapo wenye kimeng'enya kinachochukua zebaki yenye sumu na kuifanya mvuke ukapaa zake. Mwaka 1976, kwenye tope la kiwanda cha zinki huko Ubelgiji, wataalamu walimpata bakteria anayeishi kwa raha ndani ya zinki na kadimiamu ambazo zingewaua wenzake. Leo anaitwa Cupriavidus metallidurans na ni maarufu katika maabara za dunia. Ningekuwa naandika barua ya kuwasifu bakteria ningekaa hapo, na kweli wanastahili, maana wapo wanaotumika kusafisha sumu. Tatizo ni mahali zana hizo zinapohifadhiwa.

Nyingi ziko kwenye plasmidi. Hiki ni kipande kidogo cha DNA, cha duara, kilicho pembeni ya vinasaba vikuu vya bakteria. Niliwahi kuwaeleza wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hivi: plasmidi ni hirizi. Ndani ya hirizi moja mganga anaweza kushona karatasi tatu, nne. Umeivaa kwa ajili ya husuda ya jirani, kumbe humo imo na kinga ya nyoka. Na hirizi ya bakteria ina ajabu nyingine: anaweza kuidurufu na kumpa jirani aliyegusana naye, hata wa ukoo mwingine. Sasa shonea pamoja karatasi ya zebaki na karatasi ya antibiotiki. Kila zebaki inapopita, wenye hirizi wanabaki, wasio nayo wanakufa, na kinga ya dawa inaenea bila dawa yoyote kutumika.

Hizi si hadithi za barazani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Japani walipatikana vimelea vya kuhara damu, Shigella, wakiwa na plasmidi iliyopewa jina R100. Ilipochunguzwa ilikutwa na kipande kinachoitwa Tn21: ndani yake vinasaba vya kuhimili zebaki, na hapohapo ubavuni vya kuhimili antibiotiki ya streptomaisini na dawa za jamii ya salfa. Vipande vya ukoo huo vimeshatapakaa duniani. Dawa za salfa mnazijua. Septrin ina dawa mbili ndani yake, na moja ni salfa. Ni dawa tuliyowapa wanetu, na inayowakinga maelfu ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI dhidi ya magonjwa nyemelezi.

Mtaniambia viwango vya sheria vinatosha. Tuviangalie. Kwa risasi, kanuni zetu zinaruhusu miligramu 0.1 kwa lita. Viwango vya aina hii huwekwa kwa kumfikiria samaki, mazao na mtu atakayeyanywa hayo maji: je, atadhurika? Ni swali jema, lakini silo la bakteria. Mwaka 2014 watafiti wa Uppsala, Sweden, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa plasmidi iliyotokana na mlipuko wa vimelea sugu hospitalini. Walionyesha kwamba aseniki na shaba, katika kiasi kidogo kisichoweza kuua bakteria yeyote, kilitosha kumpa mwenye plasmidi upenyo wa kuwashinda wenzake. Na metali zikichanganyika na antibiotiki, kiasi kilichohitajika kilipungua zaidi. Kwa hiyo kiwango kisicho na maiti bado ni darasa. Na bwawa letu la majitaka, ambamo maji ya hospitali yenye mabaki ya dawa yanakutana na maji ya kiwanda yenye metali, katika joto letu la Pwani, kwenye supu ya bakteria wa matumbo ya mji mzima, sijui ni darasa gani linalolishinda.

Mitaani siku hizi kila mtu ana "UTI sugu". Wengine hawana UTI yoyote, wamepimwa haraka haraka na kuandikiwa dawa za elfu kumi, hilo nalo lina barua yake. Lakini wapo wenye UTI ya kweli ambayo mkojo ukioteshwa maabara, dawa tatu za kwanza hazifui dafu. Sisemi kwamba kimelea cha fulani kilihitimu Vingunguti. Nasema kwamba makadirio ya dunia kwa mwaka 2019 yalihesabu vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria dhidi ya dawa, na kwamba nchi yetu ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu huo tangu mwaka 2017. Tumewabana wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wasitoe antibiotiki kama njugu. Tumewahubiria wafugaji wa kuku. Sawa kabisa. Mlango wa duka umefungwa. Mlango wa bomba la kiwanda uko wazi, na upepo unaingia.

Niwaonyeshe inakokwenda. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu huko Kisarawe, unashuka Gongo la Mboto, unapita Vingunguti, unatupitia sisi Tabata, unakwenda Kigogo, Jangwani, kisha baharini pale Salender kwenye mikoko, ambako leo mnapita juu kwa gari kwenye Daraja la Tanzanite na upepo mzuri. Njia nzima kuna bustani. Mchicha, matembele, figiri, majani ya maboga. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliopima kadimiamu, shaba, risasi na zinki katika mboga zilizolimwa kando ya Msimbazi na kijito cha Sinza. Aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima anayepiga kura. Mboga bado ziko palepale, na mimi mwenyewe nimezila, tena nikizisifu kwa ulaini.

Nao mto una historia ya kesi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakazi wa hapa kwetu Tabata walikwenda Mahakama Kuu kupinga dampo la jiji lililokuwa likiwafukizia moshi. Walishinda, ingawa iliwachukua miaka kutekelezewa. Baadaye taka zikapelekwa Vingunguti, ng'ambo tu ya bonde hilohilo. Tulihamisha dampo kutoka mkono wa kulia kwenda mkono wa kushoto wa mtu yuleyule. Huko Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliolishwa risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri walipiga kona nyingi za mahakama mpaka mwisho wa mwaka 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipowarudishia fidia ya shilingi bilioni 1.3 za kwao. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inampa kila mkazi haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Bado ni nafuu kuweka mita getini kuliko kusubiri siku hiyo.

Nini basi? Sijaja kulia tu.

Anzeni na geti. Kila kiwanda kinachomwaga kwenye mfumo wa majitaka au mtoni kiwe na chemba ya sampuli nje ya ukuta wake, upande wa barabara, ambapo afisa hahitaji kupiga hodi. Utaratibu wa kuja saa 4 asubuhi kwa miadi, kukaribishwa chai mapokezi, kisha kupelekwa kuchota maji yaliyokwisha kutulia, uishe. Zipo mashine ndogo zinazochota kidogo kidogo kila saa kwa saa 24. Wekeni hizo. Anayemwaga saa 8 usiku ana sababu ya kuichagua saa hiyo.

Pili, msipokee BOD peke yake kutoka kwa mtu yeyote. Idaini pamoja na COD, ambayo hutumia kemikali kuunguza uchafu na haijali kama kuna kiumbe hai, na kiwango chake kisheria ni miligramu 60 kwa lita. Mkiona BOD ndogo ya kupendeza na COD kubwa ya kutisha kwenye karatasi moja, jueni kuna wafu chupani. Hili halihitaji shahada. Hata karani wa masjala akiambiwa mara moja atazitenga ripoti hizo pembeni. Na zile zilizotengwa zipimwe metali, na zizimuliwe hatua tatu, nne, kama yule mzee alivyonifundisha.

Tope lisitoke getini kwa bwawa bila karatasi ya metali. Hapo sina mjadala.

Viwanda vitalia gharama. Wengine wana haki ya kulia, wengine wanamwaga pesa zao wenyewe. Chukueni ngozi: kwa njia ya kawaida ya kuidabagha, ngozi hunywa theluthi mbili hivi ya kromiamu iliyowekwa, iliyobaki inatoka na maji. Kromiamu hiyo inaweza kugandishwa kwa oksidi ya magnesi, ikachujwa, ikayeyushwa kwa asidi na kurudishwa kwenye pipa la kazi. Ni mbinu ya miaka mingi. Mwenye kiwanda anayenunua kromiamu kwa dola na kuitupa theluthi yake mtoni hahitaji faini peke yake, anahitaji mhasibu.

Lakini nawaomba msije mkaamka kesho na mgambo kwenda kuwavurumisha vijana wa betri na gereji. Ni kweli nao wanamwaga. Kijana anapasua betri kuukuu ya gari, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, maji ya betri yanakwenda kwenye mfereji, na mtoto wake mdogo amekaa pembeni anachezea vibao. Ila huyo hana mahali pa kupeleka. Mpeni mahali: pipa, mnunuzi aliyesajiliwa, bei iliyoandikwa ukutani. Ataleta mwenyewe, maana anaijua thamani ya risasi kuliko mimi na ninyi.

Na wale wa Afya wakae meza moja na wale wa Maji. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2021 mwongozo wa kufuatilia E. koli sugu kwa binadamu, kwenye chakula na kwenye mazingira kwa mpigo mmoja. Vifaa vyake ni vya kawaida: agari ya MacConkey (chakula cha kuoteshea bakteria), antibiotiki ya sefotaksimu iliyochanganywa humo, inkubeta (kabati la joto), na mtu mwenye subira ya kuhesabu. Kila mamlaka ya maji yenye maabara inaweza kuhesabu bakteria sugu wanaoingia bwawani na wanaotoka. Mziweke namba hizo kando ya namba za metali, mwezi kwa mwezi, bwawa kwa bwawa, na mzitundike hadharani. Sasa hivi mwenye namba za metali hamjui mwenye namba za vimelea, na wote wawili huenda wanakunywa chai kwenye mgahawa mmoja pale Mtumba, Dodoma.

Kabla sijamaliza nina langu la kutubu. Hiyo COD ninayowasihi muipime ina zebaki ndani yake. Ndiyo: salfeti ya zebaki ya kuidhibiti chumvi, salfeti ya fedha ya kuharakisha, na daikromati ya potasiamu, ambayo ni ile kromiamu ya sita niliyoisema. Kila kichupa kidogo tulichopimia uchafu wa wengine, tulikitapisha kwenye sinki. Miaka mingi. Nilikuwa nafungua bomba la maji kwa nguvu, nikaamini nimezimua. Sinki liliungana na bomba, bomba liliungana na bwawa, na bwawa ndilo tulilokuwa tunalilinda. Hatukuwa na pipa la kuhifadhia mabaki, na tulipoliomba tuliambiwa bajeti imefungwa. Basi kwenye orodha yenu, kabla hamjafika kwa mwenye kiwanda, ongezeni pipa lenye mfuniko kwa kila maabara ya maji ya serikali, na gari la kuja kulichukua. Tukianza na sisi, mwenye kiwanda atakosa la kujibu.

Najua mnapokea barua nyingi. Kama hamna muda wa yote haya, nichagulieni moja tu. Chagueni bomba lolote la kiwanda, mahali popote nchini, siku yoyote, bila kunipa taarifa mimi wala wao. Nitakuja kwa daladala na miwani yangu. Tutachota mbele yenu, tutajaza chupa mbili, moja nzito na moja iliyozimuliwa, tutazifunga kwa lakiri na kuziweka gizani. Baada ya siku 5 tutazifungua pamoja, na namba mtasoma wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Bibi Majitaka
Fundi sanifu maabara (mstaafu)